Watatu Waliojua Alipo Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipopotea ziwani, watu watatu walijua alipo. Mchungaji mmoja wa Kakuma alijua yuko mbinguni. Mjomba wangu, ambaye husoma utumbo wa mbuzi, alijua yuko hai ng'ambo ya maji. Mimi, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Lodwar, nilijua hayuko popote. Kila mmoja wetu aliwadharau wale wawili wengine, na nikisema kweli, dharau yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, maana mimi nilikuwa na shahada.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ukame ulimaliza mbuzi wa mdogo wangu, naye akafanya jambo ambalo wafugaji wa kwetu hulifanya wakiwa wamebanwa kabisa, yaani alikwenda kuvua samaki. Akapanda hadi Todonyang, kule juu mpakani na Ethiopia, akaungana na wavuvi wawili wenye mtumbwi. Mkewe alibaki Kakuma na watoto wawili, akiwauzia wakimbizi wa kambi ya hapo samaki wakavu wanaoletwa kwa lori kutoka Kalokol. Asubuhi moja nikapigiwa simu na mtu wa Kalokol, ambaye naye alikuwa amepigiwa na mtu mwingine. Akasema mtumbwi umepinduliwa na upepo, wawili wametoka, mmoja hajaonekana.

“Hajaonekana vipi?” nikauliza.

“Hajaonekana tu, mwalimu.”

Simu ikakatika, na kwa miezi minane hatukuwa na habari nyingine zaidi ya hiyo.

Kwetu mume akifa, mjane hunyolewa kichwa na kuvua shanga za shingoni. Watu wakimwona hivyo wanajua, wanampa pole, wanamwacha alie, kisha baada ya muda anarudi katika maisha. Lakini kumnyolea nywele mtu aliye hai ni kumwua. Mama yangu analiamini jambo hilo kuliko anavyoamini kwamba jua litachomoza kesho, na alimwambia mke wa mdogo wangu mbele yangu, bila kupandisha sauti, “Ukinyoa kabla hatujajua, ni wewe utakuwa umemwua mwanangu.” Basi shemeji yangu akawa si mjane wala si mke. Akiulizwa mumewe yuko wapi, alikosa neno. Watoto wake walikuwa na majibu mawili tofauti shuleni: mmoja alisema baba amesafiri, mwingine alisema baba amekufa, na wakapigana kwa ajili hiyo mpaka mwalimu wao akaita mzazi.

Shemeji si mtu wa maneno mengi. Aliponijia Lodwar kwa mara ya kwanza baada ya ile simu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye kivuli cha nyumba yangu, akasema, “Shemeji, mimi sitaki mambo mingi. Nataka tu kujua niko mjane ama niko bibi ya mtu.”

Nilimwambia nitalishughulikia.

Nianze na mchungaji, kwa sababu ndiye rahisi kumdharau. Ni mtu wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye kanisa la mabati kambini, na huvaa koti la suti katika joto ambalo hata mbuzi hawatoki kivulini. Shemeji alikuwa akisali kwake kwa sababu wateja wake wengi husali kwake. Jumapili moja nilikuwa Kakuma, na baada ya ibada mchungaji akatuita, akatupa viti vya plastiki, akatueleza kwamba amefunga siku tatu na Mungu amemwonyesha.

“Mama, mimi iliona bwana yako,” akamwambia shemeji. “Iko na nguo nyeupe. Iko kwes, mzuri kabisa. Kalas, hakuna kulia tena.”

Shemeji akauliza, “Alikuwa amevaa viatu?”

“Eh, viatu nyeupe.”

“Bwana yangu hana kiatu inamwingia. Mguu yake ni pana. Hata siku ya harusi alivaa akala ya tairi.”

Mchungaji hakutetereka. “Mbinguni mguu inapona, mama.”

Nilitazama chini ili nisicheke. Kinachonikera kwa watu hawa si mbingu. Mtu akiniambia kuna kitu nje ya haya tunayoyaona, nitamsikiliza, hata mimi sijui. Kinachonikera ni kwamba wanajua mpaka rangi ya viatu. Mtu hajawahi kufika hata Lokichar, mji wa hapa hapa kwetu, lakini atakueleza mtaa wa mbinguni nyumba kwa nyumba, nani jirani ya nani. Nikamwuliza, kwa ile sauti ninayoitumia darasani mwanafunzi akileta jibu bila hesabu, kama mdogo wangu yuko mbinguni kweli, basi shemeji anyoe?

“Hapana, hapana, mwalimu,” akasema haraka. “Hiyo ni mambo ya mila. Mimi haingii huko.”

Hapo nikamdharau kikamilifu. Alikuwa na hakika ya ulimwengu wa pili, lakini katika huu wa kwanza hakuweza kumwambia mwanamke mmoja ashike wembe.

Niseme pia hili, ingawa halinipendezi kulisema. Alipokuwa akitusindikiza hadi barabarani, mchungaji aliniambia kwamba wakati wa vita, wakikimbilia Kenya, aliwaacha njiani watu wanne wa nyumba yake bila kuwazika. Alilisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Nadhani mbingu yake ilibidi iwe na nyumba na viatu, la sivyo wale wanne wangekuwa wapi? Nilimwelewa, lakini sikumhurumia. Nilipanda gari kurudi Lodwar nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mjadala.

Sasa upande wangu, na hapa nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu nyani haoni kundule.

Mwaka huo alikuja Lodwar profesa mmoja kutoka Nairobi kutoa mhadhara kuhusu ulimwengu, ulivyoanza na unavyopanuka. Walimu wote wa sayansi tulikwenda. Alikuwa na picha nzuri za nyota. Mwishoni nikanyoosha mkono, nikamwuliza ni nini kilichoko nje ya ulimwengu huu, kule unakopanukia. Akatabasamu kama anayemtabasamia mtoto, akasema swali hilo si la sayansi. Kisha akaenda kula samaki wa kukaanga waliokuwa wameandaliwa. Nilimwona akila kwa bidii kubwa kuliko aliyonijibu nayo. Wenzangu walisema jibu lake lilikuwa la unyenyekevu. Mimi niliona ni uvivu uliovaa tai.

Kwa hiyo nikajitafutia mwenyewe. Jioni nilikuwa nikitazama mihadhara kwenye simu, na humo nikakutana na wanafizikia wanaosema kwamba kila jambo linaloweza kutokea hutokea, ila linatokea katika ulimwengu mwingine. Malimwengu ni mengi, hayahesabiki, na hakuna njia ya kwenda huko, wala kurudi, wala kupata salamu kutoka huko. Wanayasema haya kwa hesabu ndefu, na hakuna anayewacheka. Mchungaji akisema kuna mahali usipoweza kufika ambako marehemu wako anaishi, ni mshamba. Msomi akisema hivyo hivyo kwa herufi za Kigiriki, anapewa kiti cha mbele. Siku hizo lakini sikuliona hilo. Niliona nimepata dawa.

Nikampelekea shemeji dawa hiyo Kakuma. Alikuwa kwenye kibanda chake, anawapanga samaki kwa ukubwa, akiwaweka pembeni wale walioanza kuingia wadudu. Nikamweleza taratibu, kwa mifano. Nikamwambia kuna ulimwengu ambamo upepo wa siku ile haukuvuma, mtumbwi ulifika, na mdogo wangu yuko hai anakunja nyavu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye husikiliza vizuri, ndiyo maana watu humwambia upuuzi.

“Huko kwingine,” akasema, “bibi yake ni mimi?”

“Ndiyo. Ni wewe.”

“Basi huyo bibi ako na bahati.” Akageuza samaki, akamnusa, akamweka upande wa wabovu. “Mimi nauliza ya huyu wa hapa.”

Nilikasirika. Nilijiambia asiyejua maana haambiwi maana, nikarudi Lodwar nikimhesabu miongoni mwa watu wasiofundishika.

Mwezi wa saba tangu ile simu, mama akaita kikao nyumbani kwake, ng'ambo ya mto Turkwel, nje kidogo ya mji. Alimwita mjomba kutoka upande wa Lokiriama, na mjomba akaja kwa malori ya mifugo na kwa miguu, siku mbili nzima, na kigoda chake mkononi. Shemeji alikuja na mchungaji. Mimi nilikuja na kijiti, na nitaeleza kilikuwa cha kazi gani.

Mjomba si mganga. Ni mzee tu anayejua kusoma utumbo, kama wazee wengi wa rika lake, ila yeye anaheshimiwa zaidi kwa sababu hasemi haraka. Mbuzi alichinjwa asubuhi chini ya mgunga. Mjomba akautoa utumbo bila kuukata, akautandaza juu ya majani, akachuchumaa. Mishipa ya damu, kwa wanaosoma, ni njia. Mahali penye uvimbe ni watu au boma. Doa jeusi ni adui, na mahali palipo peupe, pasipo kitu, ni nchi isiyo na mvua. Mimi nilisoma biolojia kidogo chuoni, na niliona vitu vile vile ambavyo ungeviona ndani ya mbuzi yeyote aliyekula majani ya mathenge jana yake. Nilikunja mikono, nikangoja kuchukizwa.

“Haya ni maji,” mjomba akasema, akionyesha kwa ukucha. Alikuwa akisema Kiturkana, nakiweka hapa kwa Kiswahili. “Huyu ni mtu, ng'ambo ya maji. Amekaa. Hajalala.”

Mama akafunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa furaha, na kusema kweli niliumia kumwona. Alikuwa na miezi saba hajalia. Shemeji hakulia. Alikuwa amesimama nyuma ya mama na sufuria mkononi, akimtazama mjomba usoni, si kwenye utumbo.

Mchungaji, ambaye Jumapili ile alikuwa amemwona mdogo wangu kwa Mungu akiwa na viatu, alitafsiriwa maneno ya mjomba, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, “Ni kweli. Yeye iko hai ndani ya Kristo.” Hivyo ndivyo walivyo. Ukimwambia amekufa, yuko hai. Ukimwambia yuko hai, ndivyo alivyokuwa akisema tangu mwanzo.

Hapo nikasimama na kijiti changu. Nikafagia mchanga kwa mguu, nikachora ziwa, nikaweka mtumbwi, nikaweka upepo. Nikaeleza joto la mwili na joto la maji, mtu anachoka baada ya muda gani, mawimbi yanamsukuma upande gani. Sikusahau mamba. Nilikuwa nimeyapanga vizuri usiku uliotangulia, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri nikiyasema, sauti yangu ilikuwa imetulia, na mjomba alilazimika kunyamaza. Nikamaliza kwa kusema kwamba amekufa, na kwamba akishakufa mtu hayuko mahali, si ng'ambo ya maji, si mawinguni. Amekwisha, nikasema, na yaliyobaki ni hadithi za kuwatuliza watoto.

Mama alitoa mikono usoni. “Umemwona?”

“Sikumwona, mama. Nimepiga hesabu.”

“Mjomba wako angalau ameangalia kitu,” akasema.

Tukala. Nyama ilikuwa nzuri, na kwa muda watu wakawa wanaongea habari za malisho. Ndipo mjomba, akiguguna mfupa, akauliza mbuzi huyu alikuwa wa mke yupi wa nyumba hii, na alizaliwa boma lipi. Ni swali ambalo msomaji huuliza kabla hajachinja, lakini yeye alikuwa amechoka na safari, akaona mbuzi amefungwa nyumbani kwa dada yake, akaamini ni wa hapo. Mama hakuwa na mbuzi hata mmoja nyumbani. Wote walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta majani. Yule mbuzi, shemeji alimnunua jana yake kwenye mnada wa mifugo mjini Lodwar, kwa mfanyabiashara ambaye hakujua yeye mwenyewe alikotoka.

Mjomba akaweka mfupa chini. Kwa wanaosoma utumbo, mbuzi husema habari za nyumba aliyolala. Wa mgeni husema za wageni. Hata mimi nisiyeamini naijua kanuni hiyo, kwa sababu nimelelewa nayo.

Mjomba alinawa mikono polepole. “Basi kuna nyumba mahali fulani,” akasema, “mtu wao yuko hai na hawajaambiwa.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mpaka mama akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Lakini ningefanyaje? Mzee amesafiri siku mbili kuja kusoma barua ya watu wengine. Nilimwambia mchungaji kwa Kiswahili kwamba hata maabara ya shule yetu, ambayo haina maji, haiwezi kuchanganya sampuli namna hiyo. Mchungaji naye akacheka, kwa adabu, akiwa amesahau ya viatu.

Ikabidi tuamue. Mjomba akasema tungoje mbuzi wa mama warudi kutoka malishoni, mvua ikinyesha, achinjwe wa nyumbani. Mchungaji akasema ni vizuri kungoja, kanisa litakuwa kwenye maombi. Nami nikasema serikali haitoi cheti cha kifo bila mwili, sheria hungoja miaka saba, kwa hiyo upande wa karatasi hakuna haraka. Ndilo jambo pekee ambalo dini, mila na sayansi zilikubaliana siku ile, kwamba shemeji angoje. Mama akaitika. Shanga zibaki, nywele zibaki.

Shemeji alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. “Sawa,” akasema.

Wiki iliyofuata niliwapa kidato cha tatu zoezi. Mtu yumo majini, mtumbwi umepinduka, upepo una kasi fulani na pwani iko umbali fulani, tafuteni kama atafika. Sikuwaambia ni nani. Nilijiambia ni mfano mzuri wa mwendo na kani, unaohusu mazingira yao, kama tunavyoshauriwa katika mafunzo ya walimu. Walihesabu vizuri. Msichana mmoja wa safu ya mbele, baada ya kupata jibu sahihi, akaniuliza, “Mwalimu, huyo mtu alipatikana?”

Nikamwambia hilo si sehemu ya swali, nikafuta ubao.

Baada ya hapo shemeji akatoweka. Kibanda chake Kakuma kilifungwa, watoto wakaachwa kwa dada yake, simu yake haikupatikana. Mchungaji aliniambia kwa simu kwamba mama ameacha njia ya Bwana, amekosa imani ya kungoja. Mjomba alituma neno kwamba haoni kitu. Mama alisema ametoroka kwa kuchoka, na hakumlaumu. Mimi nilifikiri ameshapata mwanaume mwingine. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini niliona ndilo jambo linaloelekea zaidi, na nilijisifu moyoni kwa kutomhukumu.

Alipotea hivyo karibu wiki tatu. Siku moja saa sita mchana nilitoka darasani nikamkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa mpaka kinang'aa. Shingo ilikuwa tupu, na pale zilipokuwa shanga ngozi ilikuwa na rangi nyingine, laini, ya mahali ambapo hapajaona jua miaka mingi.

Nikapandwa na hasira. Sikumwambia pole wala ejok, salamu yetu ya kila siku. Mimi, mtu wa hesabu, mtu aliyekuwa amecheka utumbo, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, “Nani amekuruhusu kunyoa?”

“Nipe maji kwanza, shemeji,” akasema.

Nikamletea maji. Akanywa, akanieleza kwa sauti ile ile anayotumia kutaja aina za samaki.

Alipanda lori la samaki linalorudi tupu, akashuka Kalokol. Hapo akangoja siku nne mpaka akapata mtumbwi wa watu wanaokwenda juu, na njia nzima alitapika. Todonyang alimtafuta mmoja wa wale wawili waliotoka, akampata, akamwuliza jambo moja, maji yalikuwa yanakwenda upande gani. Yule akamwonyesha. Akafuata ufuo kwa miguu, akiuliza kila kambi ya wavuvi. Ya kwanza hawakujua kitu. Ya pili walimwambia arudi, huko mbele si salama, mambo ya mpakani. Akaendelea. Ya tatu, mmoja wao akaingia kwenye kibanda cha makuti, akatoka na mshipi wa suruali.

“Mimi ndiye nilishona huo,” shemeji akasema. “Chuma yake ilivunjika, nikashona na uzi ya nyavu. Najua mkono yangu.”

Walimkuta mdogo wangu ufuoni siku ya tano baada ya upepo ule. Walimbeba, wakamweka juu, mahali ambapo maji hayafiki hata ziwa likijaa, wakamlaza ubavu, wakamfunika kwa mawe. Walifanya kila kitu kinavyotakiwa, kwa mtu wasiyemjua jina. Shemeji aliweka tumbaku juu ya mawe, akakaa hapo mpaka jua likapinda. Mke wa mvuvi mmoja akamnyoa kwa wembe, akamsaidia kufungua shanga, zile za chini zilikuwa zimebana. Kisha akaanza kurudi. Alipofika Lodwar alikwenda kwanza ng'ambo ya mto kwa mama. Mama aliushika mshipi, akaugeuza, akaona mshono, akamwambia alete wembe, anyolewe yeye pia. Hakumngoja mjomba. Hakungoja mbuzi warudi.

Nilikaa kwenye benchi pembeni yake. Wanafunzi walikuwa wanapita na sahani zao za githeri. Nilitaka kulia na sikuweza, na kilichonijia badala yake ni ubishi, kwa sababu ndio pekee ninaoujua vizuri. Nikamwambia wale wavuvi wamekosa, miezi minane mtu amezikwa na hawakupeleka habari. Kwa nini hawakupiga simu?

“Wapigie nani? Hawakumjua ni wa wapi.” Akaweka kikombe chini ya benchi. “Walifunga hiyo mshipi kwa mti, hapo kwa njia, mwezi nzima. Ndio mtu yake akikuja kutafuta aione. Hakuna mtu alikuja, wakaiweka ndani. Mzee wao aliniuliza, huyu hakuwa na ndugu?”

Nikamwuliza alimjibuje.

“Nikamwambia hakuwa na ndugu.”